Jani la Malisho na Udongo wa Jirani

Mazungumzo baada ya habari: Nchi Jirani



Huenda mtu akajiuliza majani ya ng'ombe yana uhusiano gani na mlinzi wa nchi. Bunduki hailishwi majani, wala lindo halishikwi kwa pumba. Hata hivyo historia ya jirani zetu wa Kenya inatuonyesha ya kuwa, mara zaidi ya moja, neno la malisho na udongo lilianza kama shauri la bwana shamba likaishia mikononi mwa askari. Na kila lilipofika mikononi mwa askari, udongo haukupona. Ulipona baadaye, kwa njia nyingine. Njia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, pamoja na madhara yaliyokuja pale ambapo jani au mti wa malisho ulipandwa bila ya watu wa mahali pale kuulizwa.

Ng'ombe wa Machakos

Tuanze na mwaka 1938. Wilaya ya Machakos, mashariki ya Nairobi, ilikuwa nchi ya vilima vya Iveti, Mbooni na Kangundo, na ya mabonde makavu yanayoteremka kuelekea mto Athi. Wenyeji wake ni Wakamba, ambao ni wakulima na wafugaji. Wakati huo hali ya udongo wao ilikuwa mbaya kweli, wala haitufai kukana jambo hilo kwa sababu tu lilisemwa na wakoloni. Ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1920, na ule wa katikati ya miaka ya 1930, uliviacha vilima vikiwa vipara. Mvua iliponyesha, maji hayakukuta jani la kuyapunguzia mwendo. Yaliteremka kwa kishindo, yakachimba makorongo, na kuupeleka udongo mtoni. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa iliyoonya kwamba nchi ya Wakamba ilikuwa ikigeuka jangwa la mawe na mchanga.

Ugonjwa ulionekana, lakini chanzo chake chote hakikusemwa kwa sauti. Wakamba walikuwa wamebanwa. Sehemu ya ardhi yao, kama vile Vilima vya Mua, ilikuwa imechukuliwa na walowezi. Nyanda za Yatta, ambako mifugo ilikuwa ikipelekwa kutafuta malisho, zilihesabiwa kuwa mali ya Serikali, na kuzitumia kulihitaji ruhusa. Ng'ombe ambao zamani walihama kufuata mvua sasa walizunguka mahali pamoja mwaka mzima. Jani halikupata nafasi ya kuota upya, kwa maana kabla halijainua kichwa lilikuwa limekwisha kuliwa.

Dawa iliyochaguliwa na Serikali ya kikoloni ilikuwa kuipunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walioruhusiwa kubaki walipigwa chapa, na waliozidi walitakiwa kuuzwa. Ikatokea kwamba katika mwaka uo huo kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama huko Athi River, mlangoni mwa Ukambani, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Mkamba aliyeona askari wakiswaga ng'ombe wake kwenda mnadani hakuhitaji kuwa msomi ili aunganishe mambo hayo mawili. Kwake yeye ng'ombe alikuwa benki, mahari, akiba ya siku ya njaa na heshima ya nyumba. Aliambiwa kuwa anaokolewa, huku akinyang'anywa.

Mwezi Julai 1938 Wakamba zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka vijijini mwao wakaenda Nairobi kwa miguu. Walipiga kambi mjini wakitaka kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, wakakaa huko kwa majuma kadhaa bila ya fujo. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Muindi Mbingu, na chama chao kiliitwa Ukamba Members Association. Mwezi Oktoba Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa kifungoni Lamu, mbali na watu wake. Leo barabara moja kubwa katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake.

Hapo ndipo neno hili linapowahusu ninyi, ndugu askari. Wakamba walikuwa miongoni mwa watu waliotoa askari wengi katika King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza walilitegemea katika nchi zetu hizi, na pia katika polisi. Ng'ombe waliokuwa wakiswagwa Machakos walikuwa ng'ombe wa baba na wajomba za askari hao. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vikinukia, na Serikali ya kikoloni haikuweza kupuuza hasira katika nyumba zilizoijaza kambi yake. Kabla ya mwaka ule kwisha, amri ya kuuza mifugo kwa nguvu iliondolewa.

Basi hesabu ya mwaka 1938 ilikuwa hivi. Amri ilitolewa, askari walitumwa, ng'ombe walikamatwa, kiongozi alifungwa, na mwishowe amri ilifutwa. Vilima vilibaki vipara kama vilivyokuwa. Tena ilizaliwa shaka ambayo haikuwako kabla: tangu siku ile, mtaalamu yeyote aliyefika kijijini kuzungumza habari za udongo alitazamwa kama mtu aliyetangulia kuja kuhesabu ng'ombe.

Jani lenye jina la kanali

Sasa tulitazame jani lenyewe. Jani la malisho lililokuja kuenea kuliko mengine katika nyanda za juu za Kenya ni majani ya tembo, ambayo kwetu wengi huyaita mabingobingo. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina la Kanali Napier wa Bulawayo, aliyeihimiza idara ya kilimo ya Rhodesia mwanzoni mwa karne iliyopita ilichunguze. Lakini kanali yule hakuliumba. Ni jani la Afrika, lililoota kando ya mito na mabwawa yetu kabla ya kanali yeyote kufika.

Sifa zake ni tatu. Kwanza, hukua haraka na kurefuka kupita kimo cha mtu, kwa hiyo eneo dogo hutoa chakula kingi. Pili, huchipua tena baada ya kukatwa, mara kadhaa kwa mwaka panapokuwa na mvua. Tatu, mizizi yake ni mingi na hushikana kama wavu, hivyo shina likipandwa ukingoni mwa tuta huushika udongo usiporomoke. Sifa hii ya tatu ndiyo iliyolifanya liwe silaha ya kupambana na mmomonyoko.

Baada ya vita Serikali ya kikoloni ilirudi tena na mpango wa kuokoa udongo. Safari hii haikuanza na ng'ombe, ilianza na matuta, na kwa mara nyingine ilianza kwa amri. Watu walilazimishwa kwenda kuchimba matuta na kupanda majani asubuhi mbili kwa kila juma, bila ya malipo, chini ya usimamizi wa machifu. Katika wilaya ya Murang'a mzigo huo uliwaangukia hasa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kazini mijini na katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1947 na 1948 wanawake hao waligoma. Hawakukataa kwamba udongo ulikuwa ukipotea. Wao ndio walioshika jembe na kuuona ukipotea. Walilokataa lilikuwa kuongezewa kazi juu ya kazi, katika ardhi isiyotosha, kwa faida ambayo hawakuionyeshwa.

Hata kwetu Tanganyika yalitokea mambo ya namna hiyo hiyo. Katika milima ya Uluguru, mwaka 1955, wananchi waliasi mpango wa matuta ya ngazi waliolazimishwa. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Twalitaja jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu katika vitabu vya kilimo mpango ule huandikwa kuwa ulishindwa kwa sababu za kitaalamu na za kijamii, na ni nadra kukumbukwa kwamba katika mwisho wa amri ile walisimama askari, vijana wa Kiafrika, wakitazamana na wazazi wa watu wengine kwa ajili ya tuta la udongo.

Fanya juu

Turudi Machakos, maana huko ndiko mambo yalikogeuka.

Maelfu ya Wakamba walirudi kutoka vitani. Walikuwa wamepita India na kupigana Burma, na wapo waliokuwa wameona huko jinsi watu wa nchi nyingine wanavyolima milimani juu ya ngazi za udongo. Walirudi na akiba ya mshahara, na walirudi na macho mapya. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Machakos walianza kuyaacha matuta membamba waliyolazimishwa kuchimba, wakachagua tuta la namna nyingine ambalo leo linajulikana na wataalamu wa udongo duniani kote kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu.

Kazi yake ni hii. Mkulima huchimba mtaro kwa kuufuata usawa wa mlima, na udongo anaouchimba huutupa upande wa juu, ukafanya ukingo. Juu ya ukingo huo hupanda majani. Mvua inapoteremsha udongo, ukingo na majani huuzuia. Msimu hadi msimu udongo hujaa nyuma ya ukingo, hata baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka kuwa ngazi pana, na maji hunywea shambani badala ya kukimbilia mtoni. Bila ya majani ukingo hubomoka kwa mvua mbili tatu. Majani nayo hukatwa, yakapewa ng'ombe, na ng'ombe akarudisha samadi shambani. Kwa hiyo jani moja lilifanya kazi ya mlinzi wa tuta, chakula cha mnyama na chanzo cha mbolea.

Kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani ule utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kwa zamu, ambao ulikuwako tangu kale. Tofauti ilikuwa kwamba vikundi vilijichagulia viongozi wao, na mtu alijua ya kuwa leo yuko shambani kwa jirani, na kesho jirani atakuwa shambani kwake. Baada ya uhuru kazi ililegea kwa muda, maana matuta yalikuwa bado yananuka ukoloni. Kisha ilianza tena kwa nguvu katika miaka ya 1970, wakulima walipopata soko la kahawa, matunda na mboga, na tangu mwaka 1974 kwa msaada wa Sweden katika mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo.

Mwaka 1932 Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Kwa hesabu ya Maher na wenzake, wingi huo wa watu ungepaswa kuwa mwisho wa nchi. Lakini mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kinyume chake: watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Picha za vilima vilivyokuwa vipara katika miaka ya 1930 ziliwekwa kando ya picha za vilima hivyo hivyo vikiwa na matuta, miti na mistari ya majani. Wapo wataalamu waliobishana na sehemu za kitabu hicho, wakisema kwamba si kila familia ilinufaika sawa, na kwamba waliokuwa na mishahara ya mjini walipata nguvu ya kuchimba kuliko maskini. Ubishi huo una haki yake. Lakini matuta yapo, na yanaonekana kwa macho.

Ng'ombe zizini

Upande wa nyanda za kati za Kenya, jani la malisho lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni ilitoa mpango uliotungwa na Roger Swynnerton, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kilimo hapa Tanganyika, Kilimanjaro ikiwemo. Mpango huo uliweka mbele ardhi ya mtu mmoja mmoja yenye hati, kahawa na chai, ng'ombe wa maziwa wa kisasa, na malisho ya kupandwa. Shabaha yake ya kisiasa haikufichwa: kujenga tabaka la wakulima wenye mali watakaoogopa mapinduzi. Watu wengi waliokuwa kizuizini walitoka wakakuta ardhi imekwisha kugawanywa. Hilo ni doa ambalo maziwa hayawezi kulisafisha.

Hata hivyo, wakulima wadogo walilichukua jani lile na ng'ombe yule wakavifanya vyao. Baada ya uhuru, na hasa tangu miaka ya 1980, ufugaji wa ng'ombe zizini ulienea kutoka Kiambu hadi Kakamega. Leo sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe wachache, mara nyingi wawili au watatu. Kwa mazingira, faida ilikuwa dhahiri. Ng'ombe asiyetembea hakanyagi ukingo wa mto, hali mche wa mti, wala hafanyi njia ya korongo mlimani. Samadi yake hukusanyika mahali pamoja, ikarudi shambani.

Lakini jani la kupandwa lina deni lake, na wakulima wa Kenya wamelilipa. Deni la kwanza ni rutuba. Majani ya tembo hula udongo kwa pupa. Kila mzigo unaokatwa na kubebwa hubeba pia chakula cha ardhi. Samadi ikirudi palepale, hesabu hulingana. Lakini majani yakiuzwa barabarani, na samadi ikapelekwa yote kwenye kahawa au mboga, shamba la majani huchakaa. Majani hugeuka membamba na ya manjano, na mkulima anadhani mvua ndiyo haba, kumbe amekuwa akiuza udongo wake kidogo kidogo.

Deni la pili ni maradhi. Majani ya tembo hayapandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa vipande vya shina vinavyotoka kwa jirani. Kwa hiyo wilaya nzima huweza kuwa na jani la ukoo mmoja, lenye udhaifu mmoja. Katika miaka ya 1990 uliingia ugonjwa wa fugwe katika nyanda za kati, na mwishoni mwa miaka hiyo ukaonekana magharibi ya Kenya ugonjwa mwingine unaoyadumaza majani, yakafupika, yakapauka na kufa shina zima. Ugonjwa huu wa pili huenezwa na kijidudu kinachorukaruka majanini, na huenezwa pia na mkono wa mkulima mwema anayempa jirani yake kipande cha kupanda. Watafiti walijibu kwa kutafuta aina zenye kustahimili fugwe, miongoni mwao ile iitwayo Kakamega 1, na wakulima wakajifunza kung'oa na kuchoma shina lililougua badala ya kulionea huruma.

Habari njema ilitoka kando ya Ziwa Viktoria. Huko Mbita, tangu miaka ya 1990, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kilibuni pamoja na wakulima njia iitwayo sukuma-vuta. Majani ya tembo hupandwa kuzunguka shamba la mahindi. Nondo wa bungua, yaani wale funza watoboao mabua, huvutwa na harufu yake, wakataga mayai huko, na funza wengi hufa. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa mmea wa malisho uitwao desmodiamu. Harufu yake huwafukuza nondo, mizizi yake huua kiduha, na tena huongeza rutuba. Yote mawili, jani la pembeni na jani la katikati, ni chakula cha ng'ombe.

Mgeni wa Baringo

Tungeweza kuishia hapo na kuwapongeza jirani zetu. Lakini historia haikuishia hapo, na Baringo haituruhusu.

Baringo iko katika Bonde la Ufa, kaskazini ya Nakuru. Ni nchi kavu, ya wafugaji wa Ilchamus, Tugen na Pokoti. Mapema katika miaka ya 1980, mpango wa Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulipanda huko mti wa kigeni kutoka Amerika ya kitropiki. Wakenya huuita mathenge. Nia ilikuwa njema kabisa. Mti huo haufi kwa ukame, hutoa kuni, huzuia upepo na vumbi, na maganda yake matamu huliwa na mifugo. Katika nchi isiyo na jani, nani angekataa?

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji akaugua. Mbuzi na ng'ombe walikula maganda, na mbegu ngumu zikapita matumboni mwao bila ya kusagika, zikaangushwa ndani ya samadi kila walikopita. Kila mnyama akawa mpanzi. Mafuriko nayo yakazipeleka mbegu mtoni na mabondeni. Watafiti waliopima kwa picha za setilaiti walikuta kwamba eneo lililovamiwa katika Baringo lilikuwa chini ya hekta 1,000 mwaka 1988, na kufikia mwaka 2016 lilikuwa limepita hekta 18,000. Mathenge ulifunga malisho, ukafunga njia za mifugo na za watu, na kuyasonga mashamba. Chini ya vichaka vyake jani la asili halioti. Miiba yake hutoboa kwato na miguu. Na yale maganda matamu yaliyosifiwa, mbuzi akiyala kwa wingi, sukari yake hunasa katika fizi, meno yakaoza na kung'oka.

Mwaka 2006 Wailchamus waliipeleka Serikali yao mahakamani Nairobi, na pamoja na ushahidi mwingine walimleta mbuzi asiye na meno. Magazeti yalicheka. Lakini mfugaji ambaye mbuzi wake hawezi kutafuna hana la kuchekea, na ushahidi ule ulikuwa wazi kuliko taarifa nyingi za wataalamu. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa magugu mabaya. Tangu hapo wananchi wamejaribu kuutumia ili kuupunguza, kwa kuchoma mkaa na kwa kusaga maganda pamoja na mbegu zake yawe chakula cha mifugo, maana mbegu iliyosagwa haioti. Kazi ni ngumu, kwa sababu mti uliokatwa huchipua tena kutoka shinani.

Tuulinganishe mwaka 1938 na mwaka 1982. Katika ule wa kwanza walitumwa askari. Katika huu wa pili walikuja wataalamu wenye miche na tabasamu. Ukatili haukuwako Baringo. Lakini kosa moja lilikuwako katika miaka yote miwili: walioamua si wale ambao wangeishi na matokeo. Mzee wa Kiilchamus aliyefuga mbuzi miaka hamsini hakuulizwa mti huu utakuwa nini ukiliwa na mbuzi. Na aliyeupanda alihamishwa kwenda kituo kingine kabla mti haujazaa.

Kwa upande wetu

Mti huo hauna pasi, wala haujui mpaka. Umekwisha kukutwa mkoani Kilimanjaro, upande wetu. Askari wa doria za mpakani na wa kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo huzijua njia za porini kuliko bwana shamba yeyote. Akiona kichaka kipya cha miiba chenye maganda ya manjano ambacho mwaka jana hakikuwako, neno lake kwa afisa mifugo wa wilaya lina thamani. Vivyo hivyo katika kambi zetu zenye mifugo, zikiwemo za Jeshi la Kujenga Taifa, mbegu ya malisho isiyojulikana isipandwe kwa sababu tu imekuja katika gunia zuri.

Nasi tunayo historia yetu. Katika Kondoa mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 Serikali iliondoa mifugo yote ipatayo 90,000 katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi, jambo ambalo hakuna awezaye kulikana. Lakini mifugo ile haikuyeyuka. Ilikwenda kula mahali pengine, na familia zilibaki bila ya maziwa na samadi. Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa utaratibu wa kufugwa zizini na kukatiwa majani. Hata Kondoa, basi, ilibidi mwisho wa safari kumrudia mkulima na kumwuliza ataishije.

Tunasema haya kwa sababu migogoro ya wakulima na wafugaji ingalipo nchini, na mara nyingi wanaoitwa kuituliza ni ninyi. Yapo maeneo ambayo sheria inataka yalindwe, na askari atayalinda. Hilo ni wajibu wake, na nchi isiyolinda vyanzo vyake vya maji haina kesho. Lakini askari aliyesoma habari za Machakos atajua mipaka ya kazi yake. Anaweza kumwondoa ng'ombe bondeni kwa siku moja. Hawezi kumwotesheà jani la kula kesho yake. Jani huoteshwa na mwenye shamba, akiwa na ardhi anayojua ni yake, soko la maziwa yake, na mtaalamu anayemsikiliza. Vitu hivyo visipokuwako, ng'ombe atarudi bondeni, na askari ataitwa tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja doria igeuke msiba.

Mwaka 1938 askari wa Kikamba waliokuwa kambini walipata habari kwamba ng'ombe wa baba zao wanakamatwa kwa jina la kuokoa udongo. Miaka michache baadaye walirudi kutoka Burma, wakashika majembe pamoja na jirani zao, wakachimba fanya juu na kupanda majani ukingoni. Udongo ulikuwa ni ule ule na watu walikuwa ni wale wale. Safari hii hakuna aliyewaswaga.